Sayansi Kabla ya Chuo: Tunawachuja Tusiowaandaa

Matokeo ya Kidato cha Nne hutoka Januari, na Kidato cha Tano hufunguliwa Julai. Katika nafasi hiyo ya miezi mitano na ushei imestawi biashara isiyokuwamo kwenye mpango wa wizara. Vituo vya twisheni na shule binafsi hutangaza madarasa ya “pre-form five”, na mzazi mwenye uwezo hulipa ili mwanawe aanze mada za PCM (fizikia, kemia na hisabati) au PCB (fizikia, kemia na biolojia) kabla hata ya kujua amepangiwa shule gani. Ingia katika darasa la namna hiyo mwezi Machi: mwalimu keshafika kwenye mwendo wa kitu kilichorushwa angani, ubao umejaa fomula, wanafunzi wananakili mbiombio. Hakuna anayerudi nyuma kuuliza kama kijana huyu mwenye C ya hisabati anaweza kuitazama grafu na kusema inaeleza nini.

Tatizo la kufundisha sayansi ya msingi kwa wanaoelekea chuo kikuu tumezoea kulijadili kama upungufu: maabara hazitoshi, walimu hawatoshi, vitabu havitoshi. Upungufu upo, na nitaufikia. Lakini hata katika shule yenye kila kitu unaweza kumkuta kijana aliyetoka na divisheni wani ya pointi tatu, akafika chuoni, na muhula wa kwanza akashindwa kuandika ripoti ya jaribio ya kurasa mbili. Kusoma amesoma, tena sana. Amefundishwa mengi ya juu kabla ya machache ya chini kumkaa, na mfumo mzima ukampongeza kwa hilo.

Miaka miwili ya Kidato cha Tano na Sita tuliirithi kwa Waingereza. Tanzania ilijitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, likaundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Mitihani ikawa yetu, ila umbo la hatua hiyo halikubadilika: masomo matatu yanayochimbwa kwa kina, na mtihani mmoja mkubwa mwishoni. Liliwahi kuwapo wazo tofauti kuhusu maana ya kuwa tayari kwa chuo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mhitimu wa Kidato cha Sita apite Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, kisha afanye kazi angalau miaka miwili na kupata pendekezo la mahali alipofanyia kazi, ndipo aombe chuo kikuu. Utaratibu huo ulilegezwa baadaye, na sababu zilikuwapo. Hata hivyo ulikiri jambo ambalo leo tumelisahau, kwamba alama za mtihani na utayari wa kusoma chuo si kitu kimoja.

Leo kinachoamua ni pointi. Masomo ya tahasusi, au kombi kama wanavyosema wenyewe, hugeuzwa namba: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, S ni nusu. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, inataka kwa uchache prinsipo mbili (ufaulu wa A hadi E) zenye jumla ya pointi 4, na kozi zenye ushindani hupandisha kiwango kadiri zinavyoona inafaa. (Mzazi asichanganye hesabu hii na pointi za divisheni, ambazo kadiri zinavyopungua ndivyo sherehe inavyokuwa kubwa.) Sina ugomvi na chujio lenyewe. Nafasi za udaktari ni chache, na lazima pawepo namna ya kuzigawa. Ninachogombana nacho ni ile dhana kwamba aliyepita kwenye chujio ameshathibitika kuwa na msingi. Kuchuja na kuandaa ni kazi mbili, na nguvu zetu karibu zote tumezipeleka kwenye ya kwanza.

Itazame kalenda. Kutoka Julai ya kuanza hadi Mei ya mtihani ni miezi 22. Toa likizo, toa wiki za kuripoti kwa kuchelewa, toa moko na mitihani mingine ya majaribio, toa miezi ya mwisho ambayo hakuna anayefundisha jipya kwa kuwa darasa zima linapiga msuli kwenye pepa za miaka iliyopita. Katika kilichobaki, somo la fizikia peke yake linatakiwa kupitia mekanika, joto, mawimbi, umeme na sumaku, elektroniki, fizikia ya atomu, na hata fizikia ya mazingira. Sehemu kubwa ya hayo mwanafunzi atayakuta tena mwaka wa kwanza chuoni, mara nyingi kwa vichwa vya habari vilevile. Anakutana nayo mara mbili, na mara zote mbili kwa haraka.

Mpangilio wa mada nao ulikuwa na kasoro yake. Katika mihtasari iliyotumika kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya marekebisho ya 2023, mwanafunzi wa PCM alianza fizikia ya Kidato cha Tano kwa vipimo na makosa ya vipimo, kisha akaingia kwenye mwendo na kani. Kukadiria kosa la kipimo kwa njia iliyotarajiwa kunahitaji logarithimu na kalkulasi, na mwendo na kani haviendi bila vekta. Sasa fungua muhtasari wa hisabati ya juu wa kipindi hichohicho. Kalkulasi ilisubiri seti, mantiki, jiometri, aljebra na trigonometria zimalizike kwanza, na vekta ziliwekwa Kidato cha Sita. Mwalimu wa fizikia alibaki na njia mbili. Angeweza kufundisha hisabati hiyo yeye mwenyewe kwa vipindi viwili vya kuazima, au kuwapa wanafunzi kanuni ya mwisho na kuwaambia waishike hivyohivyo. Wengi walichagua ya pili, na mwenye kuijua ratiba ya shule hawezi kuwalaumu.

Matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko mada moja iliyofundishwa vibaya. Mwanafunzi alijifunza, bila mtu kukusudia, kwamba fomula hutoka mahali asipopafikia na kazi yake ni kutambua iingie kwenye swali lipi. Ukimpa swali lisilofanana na lolote katika pepa za miaka kumi iliyopita, anakwama. Chuoni maswali ya namna hiyo ndiyo ya kila wiki.

Kwa PCB jambo hili lina sura nyingine. Wao husoma hisabati tumizi ya msingi, BAM, kama somo la nyongeza ambalo halimo katika pointi za tahasusi. Somo lisilo na pointi hujulikana kwa vipindi linavyopewa, na mwanafunzi naye hulipa uzito uleule. Halafu kijana huyo anaingia kusomea udaktari au famasia. Dawa ambayo kiasi chake katika damu hupungua kwa nusu kila saa 6 hubaki sehemu moja ya 16 baada ya saa 24. Hesabu hiyo ni ya msingi kabisa, na bila kuielewa hutajua kwa nini dozi moja humezwa mara tatu kwa siku na nyingine mara moja. Kipimo cha pH hakieleweki bila logarithimu. Biolojia ya leo ni somo la takwimu kwa kiasi ambacho mwalimu wa miaka ya 1980 asingekitambua, lakini bado tunawaruhusu vijana kuikimbilia kama mahali pa kujificha kutoka kwa hisabati.

Na wanakimbia wakiwa na sababu. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya miaka ya karibuni, takriban watahiniwa watatu kati ya wanne hushindwa hisabati. Ndilo somo linalofanya vibaya kuliko mengine, mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba habari yake haishangazi tena. Wanaochaguliwa kwenda tahasusi za sayansi ni wale wenye nafuu, lakini nafuu hiyo imepimwa ndani ya kundi lililo chini. Mwalimu wa Kidato cha Tano hupokea darasa ambalo nusu yake haina uhakika na sehemu hasi na kipeuo, na muhtasari haumpi hata wiki moja ya kurudi huko.

Kuhusu maabara, mjadala wetu umekwama kwenye matofali. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za fizikia, kemia na biolojia. Muda wa mwisho uliwekwa Novemba 2014, ukasogezwa hadi Juni 2015. Waliokuwa vijijini wakati huo wanaukumbuka mchango wa maabara, na watendaji wa kata waliokuwa wakiukusanya. Majengo yalisimama mengi, na hilo si dogo. Lakini jengo linadai maji, gesi, fundi sanifu, na bajeti ya kemikali isiyokatika. Nitrati ya fedha, inayotumika kutambua kloridi, ni ghali kiasi kwamba shule nyingine huitoa kwa matone na siku ya mtihani tu.

Hata pale vifaa vinapokuwapo, swali ni vinatumika kujifunza nini. Liangalie jaribio ambalo karibu kila aliyesoma fizikia amelifanya, la pendulamu. Unafunga gololi kwenye uzi, unapima urefu, unaiachia ibembee, unapima kwa saa muda wa mibembeo 20, unarudia kwa urefu tofauti, unachora grafu ya kipeo cha pili cha muda wa mbembeo mmoja dhidi ya urefu, na kutokana na mteremko wake unapata g, yaani mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia. Jibu kila mtu analijua kabla ya kugusa uzi: 9.8. Ndipo huja kile ambacho wanafunzi wenyewe hukiita kupika data. Mtu anaanza na 9.8, anarudi kinyumenyume hadi kwenye sekunde, anaongeza vidosari viwili vitatu ili jedwali lisionekane safi mno, na kazi imekwisha kabla gololi haijatulia.

Tumezoea kulikemea hili kama kukosa uaminifu. Mimi naliona zaidi kama majibu ya kawaida ya binadamu kwa swali lililoulizwa vibaya. Tuseme uzi una urefu wa sentimita 50. Mbembeo mmoja utachukua kama sekunde 1.42, na mibembeo 20 sekunde 28.4. Kidole kinachobonyeza saa huwahi au huchelewa kwa kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwenye sekunde 28.4 hilo ni chini ya asilimia 1, na kwa kuwa muda huingia kwenye hesabu kwa kipeo cha pili, kosa la g linakuwa asilimia moja na nusu hivi. Mwanafunzi mwaminifu mwenye mkono wa kawaida anatakiwa kupata 9.7 leo na 9.9 kesho. Angepima mbembeo mmoja tu, kosa hilohilo la kidole lingefika asilimia 14, na g ingeweza kutoka 7.5 au zaidi ya 12. Hiyo ndiyo sababu ya mibembeo 20. Lakini waulize waliofanya jaribio hilo kwa nini walihesabu 20 na si 1, na wengi watakujibu kwamba ndivyo karatasi ilivyosema.

Kwa hiyo jedwali lenye 9.80, 9.81, 9.80 lilipaswa kumtia mwalimu wasiwasi. Darasani ndilo linalosifiwa. Na somo lenyewe, yaani kwamba kila kipimo kina mashaka yake na mashaka hayo yanaweza kukadiriwa, halihitaji kemikali ya bei mbaya. Linataka uzi, jiwe na saa ya simu, pamoja na mwalimu aliye tayari kupokea jibu lisilo 9.8 na kuuliza limetoka wapi. Mengi ya msingi wa sayansi yako hivyo, nayo ndiyo tunayoyakosa hata kwenye shule zilizo na kila chupa. Biolojia inayo mifano yake: mende, chura na panya hupasuliwa ili wafanane na mchoro wa kitabuni, na mwenye chura asiyefanana hudhani kakosea kupasua.

Kisa cha Erasto Mpemba husimuliwa sana kama fahari ya taifa, na mara chache kama kisa cha ufundishaji. Mwaka 1963, akiwa Kidato cha Tatu katika Sekondari ya Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya moto kwenye friji ya kugandishia askrimu bila kusubiri yapoe, akaona yameganda kabla ya yale yaliyoingia yakiwa yamepoa. Alipouliza aliambiwa amejichanganya. Alilibeba swali hilo hadi Mkwawa, Iringa, alikosomea Kidato cha Tano na Sita, na huko nako akachekwa. Nafuu ilikuja pale Denis Osborne, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam cha wakati huo, alipotembelea shule. Mpemba alimuuliza mbele ya wenzake, nao wakacheka tena. Osborne hakuwa na jibu, ila alirudi chuoni, swali likajaribiwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza.

Sehemu ya kisa isiyosimuliwa sana ni kwamba hadi leo wanasayansi hawajakubaliana. Wapo waliotoa maelezo ya mvuke, ya mizunguko ya maji ndani ya chombo, ya gesi zilizoyeyuka. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walichapisha uchunguzi wao wakisema hawakuona ushahidi wa kuaminika wa jambo hilo, na wakaonyesha jinsi mahali pa kuweka kipimajoto panavyoweza kubadilisha hitimisho. Wengine wameendelea kulitetea. Kwa mwalimu wa Kidato cha Tano hii ni hazina: swali la nyumbani, friji ya kawaida, jibu lisilojulikana, na ndani yake kuna mjadala wote kuhusu vipimo. Sijaona mahali linapofundishwa hivyo. Wanafunzi wanafundishwa kwamba Mtanzania aligundua kitu, basi, kisha wanarudi kwenye 9.8.

Lugha siwezi kuipita, ingawa najua watu wamechoka nayo. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma kwa Kiswahili miaka yote, halafu Kidato cha Kwanza hugeuziwa Kiingereza, na hadi anafika Kidato cha Tano ameshajijengea mbinu ya kuishi: anakariri fasili neno kwa neno. Mwombe akueleze momenti ya kani na atakupa sentensi safi ya Kiingereza. Muulize kwa Kiswahili kwa nini mlango ni mzito ukiusukuma karibu na bawaba, na anaweza asijue kwamba umemuuliza swali lilelile. Taarifa za NECTA za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo hutolewa kwa kila somo na hazisomwi kwa kiwango kinachostahili, hurudia mambo matatu: uelewa finyu wa dhana, udhaifu wa hisabati na udhaifu wa Kiingereza. Mara nyingi hayo matatu yako kwa mtu mmoja na yanalishana.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika ngazi zote, na mlango huo haukupitwa na wengi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilishachapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu 1990, kwa hiyo kisingizio cha istilahi ni cha zamani. Upande wa pili nao una hoja: maandishi ya sayansi, kuanzia kitabu cha fizikia cha Nelkon ambacho wanafunzi bado wanakitegemea hadi makala za utafiti, ni ya Kiingereza, na anayekwenda chuoni bila lugha hiyo ataumia. Ninavyoona mimi, mtihani na kitabu vinaweza kubaki kwa Kiingereza huku mjadala wa darasani, pale ambapo mwanafunzi anafikiri kwa sauti na kukosea, ukafanyika kwa lugha anayoweza kukosea ndani yake. Walimu wazuri wanafanya hivyo kimyakimya kila siku, na mkaguzi akiingia wanabadili. Aibu hiyo haina faida kwa yeyote.

Uhaba wa walimu umetufanya tujaribu njia za mkato, na moja yake inastahili kukumbukwa. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari kwa waliomaliza Kidato cha Nne. Mei 2016 serikali iliwaondoa chuoni zaidi ya wanafunzi 7,000 wa programu hiyo baada ya masomo kukwama kwa mgogoro wa malipo ya wahadhiri, na siku chache baadaye Rais John Magufuli akahoji hadharani sifa zao na kuwaita vilaza. Mjadala ukahama kutoka kwenye malipo hadi kwenye akili za vijana. Lakini swali la maana lilikuwa jingine: je, mtu wa Kidato cha Nne anaweza kupewa msingi wa sayansi nje ya Kidato cha Tano na Sita, na kwa kufundishwa vipi? Badala ya kulijibu kwa kupima, tulilifunga.

Jibu la kiasi lilikuwapo jirani. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, Chuo cha Ufundi Arusha na vyuo vya aina hiyo huchukua wa Kidato cha Nne na kuwapa stashahada ya miaka mitatu, kisha wenye GPA nzuri huingia shahada ya uhandisi. Hukaa darasa moja na waliotoka Kidato cha Sita. Aliyepitia stashahada anajua injini inavyosikika ikiwa na hitilafu, na maabara haimtishi. Kalkulasi ndiyo inayomtoa jasho. Wa Kidato cha Sita anamaliza zoezi la kalkulasi kabla ya wote, na akipewa mita ya umeme anaishika kana kwamba itamuuma. Kila mmoja ana nusu ya msingi. Wanaofundisha mwaka wa kwanza wanalifahamu hili vizuri, lakini utaratibu wa udahili hulichukulia kama suala la sifa sawa, na ufundishaji hulichukulia kana kwamba halipo.

Programu za kuziba pengo zipo, na nyingine zina historia nzuri. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliendesha kozi za awali kwa wasichana waliokaribia sifa za kudahiliwa kwenye sayansi, na baadaye uhandisi: wiki kadhaa za kufundishwa kabla ya mwaka wa masomo, mtihani, na waliofaulu wakaingia. Zilianzishwa kwa ajili ya usawa wa kijinsia. Ila zimetuachia funzo la kielimu, kwamba wiki chache zilizolengwa vizuri zinaweza kumtoa mtu mahali ambapo mtihani ulikuwa umemtangaza hafai. Chuo Kikuu Huria nacho kina Programu ya Msingi, ambayo TCU huitambua kwa GPA ya 3.0 kutoka masomo sita. Njia hii imewafaa wengi waliokosa pointi, ingawa kufundisha sayansi ya maabara kwa umbali ni kazi ngumu kwa chuo chochote duniani. Kasoro ya programu zote hizi ni kwamba tumezitengea walioshindwa. Aliyepata A tatu haonekani kuhitaji wiki nne za grafu, vipimo na kuandika ripoti, wakati pengine ndiye anayezihitaji zaidi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anakosa kitu.

Wapo wanaosema dawa ni kuifuta hatua hii ya Kidato cha Tano na Sita. Kenya ilifanya hivyo. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, mitihani ya mwisho ya Kidato cha Sita ikafanywa 1989, na shahada ikaongezwa kutoka miaka mitatu hadi minne. Kazi ya kuweka msingi haikutoweka, ilihamia chuoni, ikakuta kumbi za mihadhara zilizojaa. Sasa Kenya inarudi kwa mlango mwingine: darasa la kumi la sekondari ya juu limeanza Januari 2026, lenye mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na litamaliza 2028. Hata huko hisabati ilizua mzozo. Ilipangwa iwe ya hiari kwa wasiochagua mkondo huo, malalamiko yakaja, na mwaka 2025 serikali ikaamua isomwe na wote kwa viwango viwili. Uganda imebaki na vidato viwili vya juu, na huwataka wa sayansi wachukue hisabati nyongeza au kompyuta. Nchi tatu, miundo tofauti, na malalamiko ya wahadhiri wa mwaka wa kwanza ukiyasikiliza yanafanana. Muundo peke yake hautatuokoa.

Kwetu, mtaala wa 2023 umeongeza tahasusi hadi zaidi ya 60 na umeleta somo la mawasiliano ya kitaaluma, ambalo likifundishwa kwa dhati linaweza kusaidia kwenye ripoti za maabara. Wingi wa tahasusi hunipa shaka, maana shule isiyo na mwalimu wa fizikia haimpati kwa kuongezewa kombi tano zenye fizikia ndani. Kama ningeruhusiwa kubadili mambo machache, ningeondoa theluthi ya mada za fizikia na kemia na kuziachia chuo, kwa kuwa kinazifundisha hata hivyo. Ningetumia muhula wote wa kwanza wa Kidato cha Tano kwa vipimo, grafu, aljebra, vekta na kukadiria, masomo yote ya tahasusi yakienda pamoja. BAM ningeihesabu kwenye pointi, na nina hakika mwaka huohuo ingepata vipindi vya asubuhi.

Mtihani wa vitendo ndio ningeugusa kwa uangalifu zaidi, kwa sababu darasa hufuata mtihani. Sehemu ya alama zake ingetoka kwenye daftari la maabara la miaka miwili. Pingamizi linajulikana: daftari litanakiliwa, mwalimu atapendelea. Ni kweli, ila data tayari inapikwa chini ya utaratibu uliopo, na tunaipa alama. Kinga ipo. Siku ya mtihani mtu kutoka nje afungue daftari ukurasa wowote na amuulize mwenyewe maswali mawili ya mdomo: kwa nini ulihesabu mibembeo 20, na kwa nini ulipata 9.6? Aliyenakili hatavuka dakika ya kwanza. Msimamizi wa kawaida wa mtihani hataweza kazi hiyo; atahitajika mwalimu wa somo kutoka shule jirani, na katika kata nyingi mwalimu huyo wa fizikia hajapatikana bado.